Uji wa saa nne, chakula cha saa sita au cha kubeba nyumbani: skuli yenu ichukue njia gani?

Assalaam aleikum wazee wenzangu. Mimi ni mama wa watoto wanne na huu ni mwaka wa tatu nimo kwenye kamati ya skuli huku kwetu Pemba, na kila tukikaa kikao suala la chakula cha watoto linarudi, tunalivutana mpaka adhana ya laasiri inatukuta tunaondoka bila uamuzi. Mmoja anataka uji, mwengine anasema uji ni maji tu tupike wali, wa tatu anasema kila mzazi ambebeshe mwanawe yaishe. Na kila mmoja ana hoja yake ya kweli, ndo mana hatuishi kubishana. Basi nimekaa nikaandika yale niliyoyaona na niliyoyahesabu, kwa ajili ya skuli iliyokwama kama yetu.

Elimu ilitangazwa bure Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964 na sisi wengi tumesoma kwa sababu hiyo, wazee wetu wasingeweza ada. Lakini mtoto aliyeingia darasani na njaa amekaa pale kiwiliwili tu. Mwalimu wa darasa la pili aliniambia anawajua wasiokula kwa kuwatazama saa nne, wanalaza kichwa juu ya dawati. Hawana usingizi wale.

Vipimo vyangu ni vinne. Kwanza pesa na kazi, yani nani analipa, nani anapika, nani anateka maji. Pili kinachoingia mwilini. Tatu saa, kwa sababu skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na baada ya hapo kuna chuoni, kwenye Kurani. Nne, na hichi ndicho watu wanakisahau kabisa kwenye vikao: nani anakula kweli. Chakula kuwepo na chakula kuliwa ni mambo mawili. Kuna skuli moja sitoitaja, uji ulikuwa unapikwa kila siku, kwenye daftari wameandikwa wamekula wote, na sufuria inarudi jikoni imejaa nusu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mpaka mpishi mwenyewe alipokuja kusema kwamba anaona uchungu kumwaga.

UJI WA SAA NNE

Kwa pesa na kazi hii ndo njia nyepesi ya kuanzia. Kipimo kinachotumika sana kwenye miradi ya chakula cha skuli ni gramu 40 za unga kwa mtoto. Skuli ya watoto 300 inakuwa kilo 12 kwa siku, siku 20 za masomo ni kilo 240 kwa mwezi. Sukari ukimtilia kila mtoto gramu 10 ni kilo 3 kwa siku. Masufuria mawili makubwa, wapishi wawili, banda la makuti lenye mafiga, kuni au makumbi, umeshaanza. Kitu kinachowashinda wengi ni maji. Kikombe cha robo lita kwa watoto 300 ni lita 75 za uji peke yake, hujaosha sufuria, hujaosha vikombe, watoto hawajanawa mikono. Kama mfereji wenu unatoka leo kesho hautoki, tangi lije kabla ya sufuria.

Mwilini, inategemea umepika uji wa nini. Sembe tupu na sukari inatuliza njaa na kwa mtoto ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana usiku hilo si dogo, lakini damu haiongezi. Na kwetu Pemba damu ndo tatizo letu la siku zote, safura na minyoo mengine yamewanyonya watoto wetu miaka na miaka, wataalamu wa ile maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi wamelifanyia kazi sana jambo hili, na dawa za minyoo skulini zimesaidia. Sasa ukishamtoa mtoto minyoo unamlisha nini arudishe damu? Unga uliotiwa virutubishi kiwandani, wenye madini ya chuma, unafaa zaidi kuliko sembe tupu. Ukikamua na ndimu ndani ya uji, ile ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai inafanya kinyume chake, inayazuia, kwa hivyo mtoto anayekunywa chai ya rangi na boflo asubuhi halafu hana jengine mpaka mchana ana haki ya kuwa mweupe viganja.

Nasema na hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: jihadharini na ule unga wa kuchanganya nafaka chungu nzima na karanga ndani, ukakaa ghalani miezi. Karanga na mahindi yakipata unyevu yanaingia kuvu na kuvu ina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 kule Bara, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi. Visiwa vyetu vina unyevu mwaka mzima. Nunueni kidogo kidogo, gunia liwekwe juu ya chaga mbali na ukuta, na ukisikia harufu ya uvundo usione haya kuutupa.

Saa yake ni nzuri kwa mkondo wa asubuhi, inamkuta mtoto pale pale anapoanza kuchoka. Mkondo wa mchana haupati kitu isipokuwa mkipika mara ya pili, na mpishi aliyeamka alfajiri kupika tena saa nane ni mzigo mwengine na malipo mengine.

Nani anakula kweli? Darasa la kwanza mpaka la tatu wanakula wote na wanaomba tena. Kuanzia la tano wanaanza kupungua. Tuliwauliza watoto wenyewe, na nawaomba na nyinyi mfanye hivo hivo, na majibu yao hayakuwa yale tuliyoyadhania. Wengi walisema hawana kikombe. Kikombe tu! Mtoto anangoja mwenziwe amalize amuazime, kengele inalia, anarudi darasani bila kitu. Wengine wakasema uji una moshi. Wasichana wakubwa wakasema wanaona haya kunywa uji mbele ya wavulana uwanjani, wanataka sehemu ya kukaa. Tulinunua vikombe vya plastiki ngumu na kuweka mkeka nyuma ya darasa, uji ule ule sufuria ile ile, kilichorudi jikoni kikawa ukoko.

CHAKULA CHA SAA SITA

Hapa pesa inaingia kweli kweli. Kipimo cha kawaida ni gramu 120 za nafaka, gramu 30 za maharage au choroko, na mafuta gramu 5 kwa mtoto. Watoto wale wale 300 ni mchele kilo 36 kwa siku, kilo 720 kwa mwezi wa siku 20, maharage kilo 9 kwa siku yani 180 kwa mwezi, mafuta kilo moja na nusu kwa siku, bado chumvi, tungule, vitunguu, nazi. Kuni usiseme. Wapishi wanne hawana raha, na nawasihi sana wapishi walipwe, hii habari ya kina mama wa kijiji kujitolea inakwenda wiki tatu halafu mmoja ana mgonjwa, mwengine msimu wa mwani umefika yuko pwani, jiko linafungwa na lawama zinawarudia wao.

Lakini chakula hichi kina faida moja uji hauna, kinaweza kutoka kwetu. Unga wa mahindi na maharage mengi tunayokula yanavuka bahari, meli ikichelewa au bei ikipanda Tanga na sisi tunapanda. Muhogo, majimbi, viazi vitamu, ndizi, shelisheli, mchicha, matembele, kunde, vyote viko hapa na mkulima anatafuta mnunuzi. Brazil walilitia kwenye sheria kabisa mwaka 2009, kwamba isiyopungua asilimia 30 ya pesa za chakula cha skuli zinazotoka serikali kuu inunue kwa wakulima wadogo. Sisi tunaweza kuanza kwa siku mbili tu za wiki za muhogo wa nazi na kunde. Hesabu ya muhogo ni nzito, ukimpa mtoto gramu 300 ni kilo 90 zilizokwishamenywa, kwa hivyo wapatikane watu wa kumenya tangu asubuhi, na mkulima ajulikane anauza muhogo mtamu, ule mchungu una sumu na hauna nafasi kwenye sufuria la watoto. Muhogo peke yake pia hautoshi, ni wanga mtupu, lazima ufuatane na kunde, maharage au dagaa. Dagaa wakisagwa wakatiwa kwenye mchuzi hata mtoto mteuzi hawaoni.

Kwa mwili hii ndo njia inayompa mtoto kitu kamili. India, mwaka 2001, Mahakama yao ya Juu iliamuru majimbo yawape watoto wa skuli za msingi chakula kilichopikwa, sehemu nyingi walikuwa wanagawiwa nafaka kavu wapeleke nyumbani. Naliona lile jambo lina mantiki, mchele ukifika nyumbani unagawika kwa watu wote na haki yake mtoto anapata kijiko, ukipikwa skuli anaula mwenyewe.

Saa yake ndo inayohitaji akili. Saa sita wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Skuli ikipanga vizuri, sufuria moja inalisha mikondo yote miwili, wa asubuhi wanakula kabla ya kuondoka na kwenda chuoni wakiwa wameshiba, wa mchana wanakula kabla ya kuingia darasani. Sijaona njia nyengine inayowafikia wote kwa kupika mara moja. Ubaya wake ni foleni, watoto 300 wa kila mkondo wanakutana uwanja mmoja jua la utosi, na hesabu zile nilizoandika juu zinakuwa mara mbili. Na yule wa asubuhi ambaye hakula kitu tangu jana bado ameshinda na njaa mpaka saa sita, masomo yote yamempita. Hilo msilifiche kwenye kikao.

Nani anakula kweli? Wengi, wali hauna msusaji. Ila wa asubuhi wanaokaa karibu wanakimbilia nyumbani wasingoje foleni, sahani ni tatizo lile lile la vikombe, na ijumaa watu wanawahi msikitini kwa hivyo ijumaa wengi hawapiki na wako sawa. Na kuna jengine la uchungu, skuli zinazochangisha. Mzazi hajatoa mchango mtoto anaambiwa akae pembeni. Nilishuhudia mtoto wa kama miaka minane amekaa chini ya mwembe anachora mchanga na kijiti wenziwe wakila hatua kumi kutoka kwake, harufu ya mchuzi inamfikia. Sitaki kukiona tena kitu kile. Skuli isiyoweza kumlisha ambaye mzazi wake hajatoa, afadhali ipike uji wa wote kuliko wali wa baadhi yao.

CHA KUBEBA KUTOKA NYUMBANI

Skuli haitoi senti, hakuna kuni wala stoo ya kuibiwa, mzazi anajua mwanawe amekula nini na kama ana kitu kinachomdhuru anakiepuka. Kwa watoto wenye maradhi kama kisukari au anayedhurika na karanga, hii bado ni njia ya salama kuliko zote na hata skuli inayopika iwaruhusu.

Kazi yote lakini inahamia kwa mama. Chakula cha kubeba kiwe kinavumilia joto, kwa sababu mkoba unakaa darasani bati limewaka. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, muhogo wa kuchoma, yai la kuchemsha na ganda lake, chapati kavu, embe au pera msimu wake. Wali wa nazi uliofungwa kwenye hotipoti alfajiri saa sita ushaanza kuchacha, nazi haina subira. Mtoto asibebeshwe mchuzi wa jana.

Kwa saa ni nzuri, anakula mkondo wowote anaosoma. Kwa ulaji ndo mnatakiwa mtazame sana. Watoto wanafungua makopo yao pamoja na kila mmoja anaona cha mwenziwe. Mwenye yai na chapati anakaa katikati, aliyefungiwa muhogo wa jana analifunika kopo kwa mkono, na ambaye hakufungiwa kitu anasema hana njaa au anatoka nje kucheza. Mwanangu wa tatu alikuwa anarudi na viazi vyake vile vile, nikamkasirikia, kumbe wenziwe walikuwa wanamcheka kwamba kila siku yeye viazi. Hapo ndo nikajua kwamba hata nyumba isiyokosa chakula mtoto wake anaweza kushinda na njaa.

Njia hii inafaa skuli ndogo, au ya mjini ambako wazazi wengi hali zao zinakaribiana. Sehemu kama Micheweni ambako umasikini ni mkubwa kuliko wilaya nyengine zetu, kumwambia kila mzazi abebeshe ni kama kuliacha jambo lilivyo.

PESA MKONONI

Sitokaa sana hapa, ila ndo inayotumika skuli nyingi kwa hivyo niiseme. Mtoto anapewa mia mbili au mia tano ananunua kwa kina mama wa nje ya lango, kachori, bajia, mandazi, vitumbua, ubuyu, barafu. Uzuri wake ni kina mama wale wanapata riziki, watoto wanapenda, na hakuna foleni ya aibu. Ubaya wake pesa ndogo inanunua sukari na mafuta, asiye nayo hana lake, na usafi hauna msimamizi. Tunakumbuka kipindupindu cha 2016, vyakula vya barabarani vilipigwa marufuku na ilifika mahala skuli zikafungwa. Ukiamua kubaki na njia hii kaeni na wale kina mama, wawe na vifuniko na maji ya kunawa, muwaombe wauze mihogo, mahindi ya kuchemsha, matunda. Wanasikia, wengi wao watoto wao wanasoma hapo hapo.

BURE KWA WOTE AU KWA WASIOJIWEZA TU?

Njia yoyote mtakayochukua mtafika kwenye swali hili. Hoja ya kuwachagua masikini peke yao ni pesa, kidogo kilichopo kimfikie anayehitaji, na kwa skuli yenye magunia matatu ya unga sio hoja ya kudharau. Lakini orodha ikishaandikwa kijiji kinaijua, na watoto wanaijua kabla ya kijiji. Mtoto mwenye haki ya kula hali, kwa kuogopa jina. Hata Uingereza tatizo hili wanalo, chakula kilikuwa bure kwa watoto wa familia za kipato kidogo na bado wako waliokuwa hawakichukui, mwaka 2014 wakaamua madarasa matatu ya mwanzo wale bure wote, na London mwaka 2023 wakawaingiza watoto wote wa skuli za msingi za serikali.

Katikati ipo njia ya Nairobi. Tangu 2023 kule, kwenye mpango wa Dishi na County, mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo, pesa inaingia kwa simu, mtoto ana bangili ya mkononi anaigusisha tu anapewa sahani. Mlangoni hakuna anayejua nani kalipiwa na nani. Sisi hatuhitaji bangili kupata faida ile. Mchango ulipwe kwa simu au kwa mhasibu wa kamati, daftari likae kwake, mpishi na walimu wasilione. Upawa usijue mtoto wa nani.

SASA NYINYI MKO WAPI?

Kama ndo kwanza mnaanza, pesa ni ya kubahatisha na watoto wenu wengi wanasoma asubuhi, anzeni na uji, madarasa yote, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Siku tatu za uhakika mtoto anazijua na anazisubiri, tano za wasiwasi hazimsaidii. Vikombe vinunuliwe siku moja na sufuria.

Kama mna mikondo miwili, mna maji, mna jengo la stoo linalofungika na wakulima karibu, saa sita inawafaa zaidi, na mkiweza kuongeza kikombe cha uji saa nne kwa la kwanza na la pili tu, wale wadogo, mtakuwa mmeziba lile tundu la asubuhi.

Skuli ndogo isiyo na maji kabisa isijilazimishe kupika, kupikia watoto bila maji ni hatari. Bebesheni, na kamati iwe na kikapu cha darasa, kila anayeweza anatia ndizi au viazi viwili vya ziada, vinagawiwa mezani bila kuuliza nani kaja na nini.

Mjini, ambako eneo la kujenga jiko hakuna, kubeba na kina mama wa lango waliosimamiwa vinaweza kwenda pamoja, huku mwalimu wa darasa akiwa na kibakuli chake cha akiba kwa wale ambao anawajua.

Ramadhani jiko linapumzika, ratiba ya skuli yenyewe inabadilika. Sisi tuliutumia mwezi ule kutengeneza mafiga na kupaka chokaa stoo. Watoto wadogo wasiofunga wabebeshwe kitu na wapewe chumba cha kulia.

Na njia yoyote mtakayoanza nayo, wiki ya kwanza mtume mtu mmoja wa kamati, asiwe mwalimu, akae jikoni siku tano ahesabu vitu viwili tu: vikombe au sahani zilizotoka, na kilo ngapi zimerudi kwenye sufuria. Halafu awafuate ambao hawakuja kwenye foleni, mmoja mmoja, kwa upole, pembeni. Sisi tulipofanya hivo tulipata majina kumi na saba, na kwa kumi na moja kati yao tatizo lilikuwa kikombe.